Waliorudisha Gari la Subilaga

Kisa hiki nawapa kama nilivyokikuta, kikiwa na fundo ambalo majirani zangu wa Tukuyu hawajaweza kulifungua mpaka leo. Nisikilizeni hadi mwisho, kisha hukumu iwe yenu.

Palikuwa na watu watatu waliokaa mtaa mmoja, kila mmoja na kipaji chake.

Ambwene alikuwa fundi wa magari, na kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Gari likishapita mikononi mwake, hata baada ya miaka mitatu angekwambia nati ipi aliifunga, na kama siku ile ilikuwa mvua au jua.

Lugano alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama kijana wa watoto wawili, na kipaji chake kilikuwa kusoma. Msicheke. Kusoma tunajua wengi, lakini tukipewa karatasi yenye maandishi madogo tunaruka moja kwa moja hadi penye mstari wa sahihi. Mwalimu Lugano hakuwa akiruka. Alisoma karatasi kama mtu anayechambua mchele, chembe kwa chembe.

Gwantwa aliuza ndizi sokoni, na kipaji chake kilikuwa kupatana bei. Hakupandisha sauti wala hakutukana. Alikaa tu, akaongea taratibu, na mwisho wake mnunuzi alilipa huku akidhani bei ile ameitaja mwenyewe.

Jirani yao Subilaga ndiye mwenye mkasa. Alikuwa muuguzi mstaafu, mjane, na maisha yake yote yalizunguka Noah moja ya kijivu. Asubuhi ilibeba maziwa ya majirani kuyapeleka kituoni, mchana ikabeba ndizi za Gwantwa, na mama mjamzito akishikwa uchungu kule milimani, mtu wa kwanza kupigiwa simu alikuwa Subilaga. Gari hilo alilikatia bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiharibika, na kila mwaka alilipa bila kuchelewa.

Asubuhi moja ya ukungu mzito, lori la mbao lilikatika breki kwenye kona ya mteremko. Likaisukuma Noah hadi mtaroni na kuilalia. Subilaga alitolewa akiwa hai, mkono wa kulia umevunjika. Gari lilibanwa likawa kama kopo lililokanyagwa, na kampuni ya bima ilipokuja kulitazama ikasema halitengenezeki tena. Wakaliburuta hadi kwenye yadi yao Mbeya.

Wiki chache baadaye barua ikaja. Subilaga, mkono ukiwa bado kwenye plasta, alimwita Mwalimu Lugano aliyekuwa akipita.

"Nishikie karatasi hii, mwanangu, nitie dole gumba. Kalamu siiwezi."

"Umeisoma, mama?"

"Nimeona wamenipa milioni saba. Nimemshukuru Mungu. Mtu aliyelaliwa na lori akaamka, ataanza kudai?"

"Mshukuru Mungu, mama. Ila dole usitie kwanza."

Lugano akaketi. Aliomba na mkataba wenyewe wa bima, akasoma vyote viwili, ukurasa baada ya ukurasa. Chai aliyowekewa ikapoa. Alipoinua kichwa, alisema mambo matatu. Kwanza, barua ilikata milioni moja na nusu kama bei ya mabaki ya gari, na hapo hapo mabaki yenyewe kampuni imeyachukua. Mkataba ulisema wazi kwamba wakiyachukua hawakati. Pili, aliyetia sahihi amekubali malipo ya mwisho, hana tena cha kusema. Tatu, asiyeridhika alikuwa na siku kumi na nne za kupinga tangu tarehe iliyoandikwa kwenye barua, na siku hiyo ilikuwa ya kumi na mbili.

"Kwa hiyo kesho kutwa mlango unafungwa," alisema Subilaga.

"Ndiyo, mama. Nipe karatasi safi."

Barua ya kupinga iliandikwa pale pale mezani, na jioni ile ile ikatoka na basi la Mbeya.

Lakini kupinga ni jambo moja, na kuthibitisha ni jingine. Ripoti ya mkadiriaji, yaani yule aliyelipima gari thamani, ilisema injini ilikuwa kuukuu na imechoka, ndiyo maana bei ikawa chini. Subilaga alipomsomea Ambwene maneno hayo, fundi aliweka spana chini.

"Injini gani iliyochoka? Mimi nimeibadilisha mwaka jana, mwezi wa nne. Risiti iko wapi?"

"Ilikuwa kwenye gari. Ilioza mtaroni."

Ambwene alifunga gereji yake, akaenda Mbeya. Siku ya kwanza mlinzi wa yadi alimkatalia kuingia. Akalala kwa shemeji yake. Siku ya pili akamsubiri mkadiriaji mwenyewe getini, akamwamkia, akamwomba dakika kumi tu. Walipofika kwenye yale mabaki, injini ilikuwa imefunikwa tope kavu.

"Mzee, kabla hatujaosha, andika ninachokwambia," Ambwene alisema. "Namba yake inaishia na nne, moja, saba. Na upande wa kushoto kuna nati moja kubwa kuliko wenzake. Ya kwake ilidondoka siku ile mvua ikinyesha, nikaazima ya gari jingine."

Wakamwagia maji. Namba ilikuwa hiyo, na nati ilikuwa hiyo. Mkadiriaji alikuwa mtu mwaminifu. Akasema, "Sikuifuta tope. Nitaandika upya." Ambwene aliporudi Tukuyu alikuta mteja wake mkubwa, mwenye magari manne, amechoka kusubiri na kuyapeleka gereji nyingine. Hayakurudi.

Basi Subilaga akaitwa ofisini Mbeya. Gwantwa akasema, "Huendi peke yako. Wewe ni mwepesi wa kushukuru." Naye siku tatu kabla ya hapo alikuwa ameliacha genge lake, akazunguka kwa wauza magari mmoja mmoja akiuliza bei.

Meneja wa madai, Bwana Haule, aliwapokea kwa heshima. "Mama zangu, ya mabaki tumeyakubali, ni kosa letu. Ya injini pia tumeyaona. Tunapandisha hadi milioni tisa na nusu."

Subilaga alikwisha kufungua mdomo kushukuru. Gwantwa akamwekea mkono gotini.

"Asante, baba," Gwantwa alisema. "Mimi nauza ndizi. Mtu akiniharibia mkungu, ananilipa bei ya mkungu wa leo, maana ndio nitakaonunua. Hapa nimeandika Noah sita za mwaka ule ule, na namba za simu za wenyewe. Ya chini kabisa ni milioni kumi na moja. Ukiipata ya tisa na nusu inayotembea, fedha zako kaa nazo. Tupe hiyo Noah."

Bwana Haule akapiga simu ya kwanza, ya pili, hadi ya nne. Akasema kumi. Gwantwa akaitikia kwa upole kwamba kumi ni nzuri, ila Noah ni kumi na moja. Akaambiwa wakubwa hawapo. Akasema watawasubiri. Walikaa kwenye benchi tangu saa nne, na Gwantwa akawauliza wafanyakazi habari za watoto wao, mpaka saa tisa Bwana Haule alipotoka na karatasi mpya.

"Kumi na moja, mama. Sasa mnaweza kutia sahihi."

Noah nyingine ilinunuliwa, nyeupe mara hii. Maziwa yakafika kituoni, na katika wiki ya pili mtoto wa kike akazaliwa hospitalini badala ya kuzaliwa njiani. Subilaga akapika, akawaita wale watatu na majirani.

"Ndaga fijo," alisema, ndiyo asante sana ya kwao. Kisha akaendelea. "Ng'ombe wangu amezeeka, na amenizalia ndama jike wa mwisho. Nataka nimpe aliyenirudishia gari. Sitamuuza nikagawa fedha. Shukrani ukiigawa mafungu inakuwa mshahara."

Lugano akasema, "Mpe Ambwene. Mimi nilikaa kitini saa moja tu, yeye amepoteza mteja."

Ambwene akasema, "Mpe Gwantwa. Mimi nilisema ninachokijua tu. Yeye ndiye aliyekigeuza kuwa fedha."

Gwantwa akasema, "Mpe mwalimu. Dole lingegusa karatasi ile, sisi wawili tungekuwa na kazi gani? Tena ndizi zangu hupanda gari hilo. Nilijipigania na mimi."

Hapo majirani wakaingia. Mmoja alisema aliyezuia hasara ndiye mkubwa, hata kama alitumia saa moja. Mwingine akasema kipimo cha msaada ni kile kilichomgharimu mtoaji, kwa hiyo ni fundi. Wa tatu akasema barua na ushahidi vilifika milioni tisa na nusu vikasimama, na Subilaga alikuwa tayari kuinuka. Aliyemkalisha ndiye aliyelirudisha gari. Sahani zilioshwa wakiwa bado wanabishana.

Subilaga alimleta ndama uani, akasimama na kamba mkononi, akiwatazama wote watatu kwa mapenzi, asijue aelekee wapi.

Mimi niliondoka hapo nikiwa sijui. Nanyi mmesikia yote, hakuna nililoficha. Kamba hiyo ingekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani, na wale wawili ungewaambia nini?