Namkunda Aliyehama na Moto Wake

Mpo?

— Tupo!

Masikio mmekuja nayo, au mmeshayafunga kwenye mizigo?

— Tumekuja nayo, Bibi!

Haya. Mbazi, shuka juu ya hilo gunia, hujahama bado. Mama yenu anafungasha tangu asubuhi, nikikaa vibaya atanifunga na mimi. Nimemwambia kuna kitu hakibebwi, ananijibu, "Mama, Tabora ni mbali." Kwani nimesema ni karibu? Basi nawaambia ninyi.

Zamani, zamani ile kiberiti hakijazaliwa, moto ukilelewa jikoni kama mtoto, nzige walikula milima yetu wakabakiza mawe. Watu wakahama, huyu kule, huyu kule. Namkunda, mjane mwenye binti mmoja, Nashesha, naye akafunga mzigo. Kinu akakiacha. Kitanda akakiacha. Lakini moto wa jikoni akauchota, makaa mekundu, akayafukia kwenye jivu ndani ya chungu.

Mjomba wake akamwona. "Namkunda, unabeba nini?"

"Moto wa mama."

"Moto hauhamishwi, mpwa wangu. Uzime, uende ukaombe huko uendako."

"Nikaombe? Mjomba, mama kafa kauacha unawaka. Sina kingine chake. Simpigii mtu hodi kwa ajili ya moto!"

Mjomba akaokota fimbo yake, akaenda zake. Mtu mzima akikuacha bila kubishana, ogopeni.

Wakatembea, wakatembea, wakatembea. Chungu kichwani, mtoto mkononi. Chungu kichwani, mtoto mkononi. Wakafika bonde la Kwamrindo, wakapewa kiwanja, Namkunda akajenga kibanda. Moshi ukatoka paani siku ile ile.

Watu wa Kwamrindo wakikutana naye njiani walisema, "Hujambo?" Naye, "Sijambo." Nao, "Haya." Wakapita. Akilima, analima peke yake. Akipika, anapika peke yake. Akicheka, nani wa kumsikia? Akaanza kuzungumza na moto: "Mama, leo nimepata mboga." Moto hujibu? Haujibu! Mpweke, wanangu, mpweke hata akawa anasalimia mbuzi wa watu.

Akajisemea moyoni, "Watu wa huku wana roho mbaya."

Siku moja Nashesha akarudi kutoka mtoni, uso umemshuka.

"Mama, tunaondoka lini?"

"Kwenda wapi?"

"Sijui. Wenzangu hawachezi na mimi. Wanasema sisi wapita njia. Eti mtu akija na moto wake ni msafiri, amepiga kambi tu, kesho hayupo. Anayekuja kukaa huomba moto. Wanasema bibi zao walitungoja, hatukuja."

Namkunda akakaa chini, pu! Akautazama moto wa mama yake. Akiuzima, hana tena cha mama. Asipouzima, mwanawe atakua bila rafiki, na yeye atazeeka akisalimia mbuzi. Mbazi, ungekuwa wewe ungefanyaje? Eeh, si rahisi.

Akachukua kata ya maji, akamwaga. Moto ukalia shiii! Namkunda naye akalia, na mtoto akalia kwa kuwa mama analia.

Kisha akaokota kigae, akaenda kwa jirani yake, Bibi Nakijwa.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Namkunda, wa kibanda kile pale. Moto wangu umezimika. Naomba moto."

Bibi Nakijwa akayaona macho yake mekundu. Akapiga ukelele, "Jamani, njooni! Amekuja!" Kisha akamgeukia kwa ukali. "We mwanamke, tumekungoja mpaka tumekata tamaa! Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale, mama."

"Keti. Kwetu moto hauombwi wima. Na mtoto yuko wapi? Amekula?"

Mnataka niwaambie moto wa mama yake ulirudi? Haukurudi. Ulikufa, na ulimuuma mpaka uzeeni, siwadanganyi. Lakini siku alipokufa yeye, hakuna jiko lililowaka Kwamrindo, wote walikuwa kwake wakimlilia.

Kwa hiyo mkihama, wanangu, bebeni nguo, bebeni sufuria, na picha ya babu yenu bebeni. Ile ya "mimi nina kila kitu, simhitaji mtu", hiyo msiifungashe. Wahenga walisema jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Na mimi, kuanzia kesho, ndiye ndugu wa mbali.

Mbazi, fungua gunia, toa kiberiti na chumvi. Mkifika Tabora mkagonge mlango wa jirani, mseme hamna.

— Tukuachie wewe, Bibi?

Msiniachie! Mpelekeeni jirani yangu, Mama Elinami, hapo ng'ambo ya ua, na kiberiti changu pia. Kesho jiko langu litakuwa kimya, nitahitaji sababu ya kwenda kwake.

Haya, kisa nimekitua hapo. Mwenye kichwa akitwike.