Bwawa Lililokosa Jina

Hapo zamani, meno haya yalipokuwa bado yanatosha kutafuna muwa, niliishi chini ya milima ya Upare, kando ya Mto Hingwe. Mto ule haukufugika. Njia yake ya zamani, ile iliyokauka, tuliiacha tupu, maana mvua kubwa ikija mto hurudi kwao. Na kila bwawa lake tulilipa jina la mtu aliyewafaa wenzake, wajukuu wakaoga wakilitaja.

Mimi, Mchomvu, mjuaji kuliko wote, nikapanda maharage katikati ya njia ile kavu. Nikayazungushia ukuta wa mawe. Watu wakanikataza, nikawaambia mto umeshasahau.

Mto haukusahau. Siku moja mchana Bibi Namkunda, mjane jirani yangu, akasikia mawe yakisagana huko juu. Akapiga yowe: "Haya, kilimani wote! Acheni hayo masufuria!" Tukapanda mbio, mimi wa kwanza. Maji yakaja, yakagonga ukuta wangu, yakageukia nyumba zetu. Kajiru, kijana aliyeoa juzi tu, akajifunga kamba kiunoni, akaingia majini na mtaimbo. Akang'oa jiwe moja, ukuta wote ukaporomoka. Mto ukashika njia yake, ukala maharage yangu, ukaacha bwawa jipya lenye kina.

Bwawa likahitaji jina. Tukakaa kikao.

"Nisingesikia mimi," alisema Bibi Namkunda, "saa hizi mngekuwa mnazikana."

"Samahani, bibi, kusikia hakukuzuia maji," alisema Kajiru. "Niliyeingia ni mimi, mke wangu akilia kule juu."

Nami nikakohoa. "Jamani, jiwe moja tu! Ningekuwa fundi, Kajiru angegonga mpaka azame. Ubovu wa kazi yangu ndio uliowaokoa."

Wakacheka wakashika mbavu. Bibi Namkunda hakucheka. "Usingeujenga, mwanangu, pasingekuwa na cha kubomoa."

Kweli tupu. Lakini mimi na mke wangu hatukujaliwa mtoto, na nilitaka sana jina langu litajwe hata na watoto wa wenzangu. Nikawaambia hivyo. Kicheko kikakatika, wazee wakainuka bila kuamua, na hawajaamua mpaka leo.

Basi niamulieni nyinyi, ningali hai nisikie. Yuko aliyesikia, yuko aliyebomoa, na yuko mjinga aliyejenga vibaya. Je, bwawa lile liitwe la nani?