Uso wa Nakiete

Palikuwa na mpiga picha katika kijiji cha milimani, jina lake Elinazi. Watu walimpenda. Harusini, msibani, kwenye ubatizo, kote aliitwa yeye, wala hakuna aliyeona haya mbele ya kamera yake, maana walimjua tangu utotoni.

Siku kijiji kilipomaliza kuchimba bwawa la maji, watu walicheza ngoma matopeni. Alikuwamo Nakiete, mjane aliyeuza mtindi sokoni. Tangu amzike mumewe hakuna aliyemwona akicheka. Siku hiyo alicheka, tope limemfika magotini, kichwa amekirudisha nyuma. Elinazi akampiga picha. Alijua papo hapo kwamba hajawahi kupata picha nzuri kama ile.

Mwezi uliofuata shirika moja la afya lilimwomba picha za watu wa milimani, za kuwekwa kwenye mabango. Likampa fomu ajaze. Mahali pamoja fomu iliuliza: aliye pichani amekubali? Elinazi alisita. Dirishani aliiona nyumba ya Nakiete ng'ambo ya barabara, mlango wazi. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, na gari la shirika lilikuwa linamngoja. Akajisemea moyoni, atafurahi tu. Nani asiyependa kuonekana? Akaandika ndiyo, akatia sahihi.

Mabango yakatoka. Chini ya uso wa Nakiete paliandikwa: Kifua kikuu kinatibika. Maneno ya kweli, na mema. Ila Nakiete hakuwahi kuugua kifua, na sokoni hakuna aliyesimama kumuuliza. Wanunuzi walimsalimu kwa heshima, wakaenda kununua kwa mwingine. Alirudi nyumbani na vibuyu vyake vimejaa. Jirani yake akawakataza wanawe kunywa maji kwake.

Hatimaye alivuka barabara. Elinazi alimwamkia, naye akaitikia marahaba kama siku zote. Hakuketi.

"Mwanangu," alisema, "milango yetu inatazamana. Ulishindwa nini kuja kuniuliza?"

Elinazi alitaka kusema kwamba picha ilikuwa nzuri, kwamba shirika lilikuwa na nia njema, kwamba hakujua wangeandika nini. Yote yalikuwa kweli. Hakuna hata moja lililojibu swali. Akainamisha kichwa, na alipokiinua mama wa watu alikwisha kuondoka.

Alikwenda kwa wale wa shirika akakiri. Walimsikitikia, wakamwandikia Nakiete barua ya kuomba radhi, ikasomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Yeye mwenyewe alizunguka masoko tisa akibandua mabango kwa kucha zake. Karatasi zilibanduka. Kilichokwisha kuingia machoni mwa watu hakikubanduka. Kabla ya mavuno Nakiete alifunga nyumba yake, akahamia kwa binti yake, mbali, ambako hakuna aliyemjua.

Tangu hapo Elinazi hampigi mtu picha kabla hajamweleza itakwenda wapi, na akiambiwa hapana, huishusha kamera. Wengi humkubalia. Lakini akiingia shereheni kicheko hupungua kwanza, na wanawake huvuta kanga usoni hadi awapite. Hawamchukii. Humwamkia vizuri, humpa chakula. Naye hula, akijua ni kitu gani alichowaondolea.

Nanyi mnaosema mnawapenda watu wenu, mara ya mwisho mliwauliza lini?