Kiboko Aliyeapa Hana Umeme

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa nyumba!

Nyumba ya nani?

Ya mwenye nguvu!

Na sisi je?

Sisi tumepanga!

Haya, kama tumepanga tukae vizuri, maana mpangaji hata kukaa kwake ni kwa kuazima. Aliyekuja kutafuta hadithi ya kumbembelezea mtoto asogee kando. Hii ina uchungu, na mimi mwenyewe sijapoa.

Hapo zamani, tena si zamani sana, Kiboko alihama mtoni akajenga ghorofa. Mbele akaweka vyumba vya wapangaji. Nyuma akazungusha ukuta mrefu, juu ya ukuta akapanga chupa zilizovunjwa, na ndani ya ukuta akakaa yeye peke yake. Hakuna mpangaji aliyewahi kukaribishwa humo, hata kwa maji ya kunywa.

Juu kabisa alipanga Pelele, fundi cherehani, aliyeshona sare za shule. Pelele, wengine humwita pimbi, ni kamnyama kadogo, mkia hana, ila akili anazo. Katikati alipanga Kanga na vifaranga wake, wengi kuliko mabawa ya kuwafunika. Chini alipanga Mzee Kobe, ambaye ndiye aliyekuwa mjumbe wa mtaa. Kila ugomvi ulipelekwa kwa Kobe, na Kobe kila akiletewa ugomvi aliingiza kichwa ndani ya gamba mpaka upite.

Nyumba nzima mita ilikuwa moja. Umeme ukikaribia kwisha, mita hulia: tii, tii, tii. Usiponunuliwa mwingine, pwa! Giza. Basi mita ikilia, Kiboko hutoka nyuma ya ukuta, tumbo mbele mwenyewe nyuma, husimama uani na kunguruma, "Changeni!" Nao huchanga, kila chumba sawa kwa sawa. Kiboko mwenyewe hachangi. "Mimi situmii," husema, na maneno huishia hapo.

Mwanzoni umeme ulikaa. Baadaye ukawa haukai. Wanachanga, tii tii tii. Wanachanga tena, tii tii tii. Wanachanga na kukopa, tii tii tii.

"Kuna mtu anapiga pasi humu!" akanguruma Kiboko. "Mtafuteni!"

Ehe, wakatafutana. Kanga akawa anatembea kwenye korido akinusa kila mlango. "Nasikia harufu ya pasi! Nasikia harufu ya pasi!" Kobe akasema taa ya vifaranga wa Kanga hailali. Kanga akasema cherehani ya Pelele inakunywa umeme kama ngamia. Pelele naye, msione ni mwema, akasema birika la Kobe ndilo linalotumaliza. Majirani waliokuwa wakiombana chumvi wakawa wanazimiana taa. Na Kiboko nyuma ya ukuta wake, kimya, ametulia.

Alikuwapo mpangaji mmoja, Nungunungu, aliyewahi kuuliza. Aliuliza swali moja tu: "Baba mwenye nyumba, mbona mita inakimbia hata tukizima?" Jua halijazama, godoro la Nungunungu lilikuwa barabarani na yeye amekaa juu yake. Tangu hapo hakuna aliyeuliza.

Siku moja mita ililia, Pelele akachanga pungufu. Kiboko akamtazama kutoka juu, akamtazama mpaka Pelele akahisi anapungua.

"Mara hii nakusamehe," akasema. "Mita ikilia tena na mchango wako haujatimia, cherehani naichukua mimi."

Pelele bila cherehani ni nani? Ni panya aliyekosa mkia. Alipanda chumbani, akaifunika cherehani yake kwa khanga, akalia. Alipomaliza kulia, akazima taa, akachomoa kila kitu ukutani, akashona kwa mkono. Sindano ikimchoma, anajifariji: angalau mita itapumua.

Mchana mmoja Kanga alikuwa sokoni na vifaranga, Kobe amekwenda kumzika jamaa yake mtaa wa pili. Nyumba nzima swichi zimezimwa. Pelele akapita penye mita. Kitaa chekundu cha mita kinapepesa paka-paka-paka-paka, mbio, mbio.

"Hee!" akasema Pelele. "Sisi tumezima. Nani anakula?"

Akaweka sikio ukutani. Ngu-ngu-ngu-ngu. Pelele, kama mjuavyo, hata mwamba mtupu anaupanda. Akapanda ukuta, vidole vikishika huku na huku, akazikwepa zile chupa, akachungulia. Akaona waya mnene umetoka penye mita, umepita chini ya bati, umeingia nyuma. Akaona pampu kubwa inavuta maji kisimani. Akaona bwawa limejaa, maji yanapozwa na mashine, na katikati Kiboko amelala chali. Anaelea. Anaimba.

Pelele alitaka kupiga kelele ambayo ingesikika mpaka mtoni. Akakumbuka godoro la Nungunungu, akaimeza kelele yake.

Mita ilipolia, Kiboko akatoka, ngozi inang'aa kwa maji. "Changeni!"

Pelele akapiga magoti mbele ya wote. "Shikamoo, baba mwenye nyumba."

"Marahaba. Mchango uko wapi?"

"Baba, kwanza nina aibu kusema. Majirani wa mtaa wa pili wanakusengenya. Wanasema eti wewe unatumia umeme wetu. Mimi nikawaambia, mwenye nyumba wetu? Mtu mzito kama yule aibe yuniti za fundi cherehani? Nikawaambia, yule anawasha kibatari!"

Kiboko akavimba. Ukitaka kumnasa mkubwa, msifu pale pale anapodanganya.

"Nani amesema?" akanguruma. "Mjumbe, toa kichwa usikie! Wote sikieni! Naapa, kwangu hauingii umeme, hata wa kumulika mbu. Nikiwa naongopa, ngozi yangu ikauke na ipasuke!"

"Mjumbe, umesikia?" akauliza Pelele.

"Nimesikia," akasema Kobe, maana safari hii kichwa kilikuwa nje.

"Basi baba," akasema Pelele kwa sauti ya asali, "tumepumua. Sisi hatuna kitu, tumekwisha. Kama ungekuwa unatumia, tungeona haya kukuacha gizani. Lakini wewe hutumii. Kodi tutakulipa kama kawaida. Umeme hatununui. Kodi ni yako, giza ni letu."

Kanga akaguna. Kobe akakohoa. Kiboko akageuza tumbo lake kubwa. Akarudi nyuma ya ukuta. Akajisemea, hawa watashindwa kabla ya kesho.

Tii, tii, tii. Pwa!

Ngu-ngu... nguu... nguuu... kimya.

Ilikuwa kipupwe, mchana upepo mkavu, usiku baridi ya kukata masikio. Maji ya bwawa yakanywewa na upepo na ardhi. Kiboko akatoka, ngozi imefifia.

"Wapangaji, hamnunui umeme?"

"Hatununui, baba. Giza ni letu."

Maji yakashuka mpaka magotini. Kiboko akatoka, ngozi imepauka.

"Wapangaji, hamnunui umeme? Si vizuri, nyumba inaonekana kama gofu."

"Hatununui, baba. Giza ni letu."

Maji yakawa tope. Kiboko akatoka, ngozi ina mipasuko, anatembea kama aliyevaa viatu vya mtu mwingine. Wapangaji wakamwendea kumjulia hali, kama ilivyo desturi.

"Pole, baba. Unaumwa nini?"

"Homa," akasema Kiboko. "Homa tu."

Wakamletea uji wa moto. Akaunywa, machozi yakimtoka. Angeweza kununua umeme mwenyewe siku ya kwanza. Lakini angeulizwa amemnunulia nani, na tena mchoyo hukubali kupasuka ngozi kuliko kupasua mfuko wake. Pelele alikuwa akicheka usiku na kujiziba mdomo kwa kitambaa. Alikuwa anashinda! Alitaka sana kushinda, na ninyi msingecheka?

Ila Kanga hakucheka. "Bi Pelele," akasema, "taa ndiyo iliyokuwa ikiwapa joto wanangu. Mabawa yangu hayatoshi. Tununue kidogo tu."

"Vumilia, mama. Anakaribia kuvunjika."

"Wanangu wanatetemeka."

"Walete kwangu."

Pelele akakusanya vipande vyote vya sare za shule, akashona tandiko nene, akawalaza vifaranga na kujilaza katikati yao. Aliwapa joto lote alilokuwa nalo. Pelele ni kamnyama kadogo, joto lake ni dogo.

Asubuhi akawaamsha mmoja mmoja. Kitinda mimba hakuamka.

Kanga alimchukua mwanawe pamoja na kipande cha sare alichokuwa amelalia, akashuka ngazi polepole, na Pelele nyuma yake akisema, "Mama Kanga. Mama Kanga." Hakugeuka.

Waombolezaji walipojaa uani, mita ikaamka. Paka-paka-paka. Nyuma ya ukuta, ngu-ngu-ngu-ngu, na maji, chubwi! Baada ya muda Kiboko akatoka, amelowa, ngozi imelainika, akasimama mbele ya matanga.

"Ndugu zangu," akasema, "roho imeniuma. Mimi umeme situmii, mjumbe anajua. Lakini kwa ajili ya msiba huu nimewanunulia kwa pesa yangu mwenyewe."

"Ahsante, baba!" wakasema waombolezaji. "Mungu akuzidishie! Huyu ndiye mwenye nyumba!" Na aliyekuwa akitaka kuuliza kwa nini baba amelowa, hakuuliza.

Pelele alikuwa pembeni, ameshika uzi na hana cha kushona. Akapiga magoti tena, na safari hii magoti yalikuwa ya kweli.

"Baba, umefanya jambo kubwa. Ila vifaranga waliobaki bado ni wadogo. Umeme huu ukiisha, utangoja afe mwingine ndipo ununue?"

Waombolezaji wote wakageuka kumtazama Kiboko.

"Nitanunua," akasema Kiboko.

"Mpaka lini, baba?"

Kiboko akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Nyuso zimejaa. "Maadamu humu ndani mna kifaranga."

"Mjumbe, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Kobe.

Na kwa Kanga, mnajua wenyewe, kifaranga hakosekani mwaka mzima. Kiboko akawa amenaswa. Tangu siku ile mita ikilia, tii tii tii, ni Kiboko anayekimbia kununua, huku akiuma meno. Wapangaji hawachangi. Cherehani ya Pelele imebaki kwa Pelele, inaimba tiriri, tiriri, mchana kutwa. Amemshinda mwenye nguvu, na hadithi nyingine zingeishia hapa kwa vigelegele.

Lakini mtaani sifa ni za Kiboko. Wanawake sokoni wanasema, mwenye nyumba mkarimu kama yule hayuko tena. Kobe anamsalimia kwa kuinama mpaka gamba linagusa chini. Na Kanga akikutana na Pelele kwenye ngazi, anawafunika wanawe kwa mabawa mpaka Pelele apite.

Pelele hakuzitaka sifa. Alitaka mtu mmoja tu ajue. Alasiri moja akamsihi Kanga, akamsihi tena, mpaka Kanga akapanda naye juu ya paa. Akaliinua bati. Akamwonyesha waya mnene unaotoka penye mita na kuingia nyuma. Akamwonyesha pampu. Akamwonyesha bwawa, na Kiboko ndani yake, chali, anaelea.

"Umeona, mama? Si pasi. Si taa yako. Si cherehani yangu. Ni yeye, siku zote hizo. Ndiyo maana nilifanya nilichofanya."

Kanga aliutazama ule waya. Hakushtuka.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Nilijua tangu mwezi niliohamia. Nikanyamaza. Nikalipa. Na wanangu wakawa hai wote."

Akashuka zake, kuna mboga za kuchambua. Pelele akabaki juu ya paa na lile bati mkononi, na upepo wa kipupwe unampiga.

Basi hadithi yangu imefika mlangoni, na mlango si wangu. Iliyonoga ibebeni, iliyochacha niachieni mimi nishindie.

Na funzo? Mnataka funzo, maana ngano bila funzo watu hudai warudishiwe usingizi wao. Haya, shikeni. Mwenye nyumba ni mzazi, tumheshimu. Mita haisemi uongo. Na umeme ukipanda, watoto wangu, msihangaike kuchungulia nyuma ya ukuta: mnuseni jirani, bila shaka anapiga pasi.