Safu ya Nne

Wahenga hawakuwa watu wa kupoteza maneno. Waliposema mcheza kwao hutunzwa, walitaka tujue kwamba mtu anayefanya jambo lake mbele ya watu wake, kwa namna wanayoielewa, hupata msaada na heshima ambavyo mgeni havipati hata atokwe na jasho la damu. Wako wanaoibeza methali hii. Zuleica binti Anuar alikuwa mmoja wao, na hapa nitaeleza kilichomnyoosha.

Mwaka wa 2014 pwani ya Palma ilikuwa imeshikwa na homa ya gesi. Gesi ilikwisha kuonekana chini ya bahari, magari mageni yalijaa barabarani, na kila wiki wapimaji walipita vijijini na karatasi zao, wakihesabu nyumba, mashamba na miti ya watu watakaohamishwa ili walipwe fidia. Wenyeji walikwisha kuwazoea. Mtu akipiga hodi akiwa na karatasi mkononi, mwenye nyumba hakuuliza shida yake. Alianza tu kutaja minazi.

Siku hizo ndipo Zuleica aliporudi kwao kutoka Pemba, mji mkuu wa jimbo lao, alikomaliza shahada ya kwanza. Alikuwa akiomba nafasi ya shahada ya uzamili, mestrado kama wanavyoiita kwa Kireno, katika chuo kimoja cha Lisboa. Alitaka kusomea matumizi endelevu ya chakula, yaani jinsi watu wanavyoweza kula vizuri leo bila kuwanyima chakula watakaozaliwa kesho. Ufadhili ulikuwa wa mtu mmoja, tena asiyefikisha miaka thelathini, naye Zuleica alibakiza miezi miwili kuifikisha. Akikosa mwaka huo, amekosa moja kwa moja. Chuo kilitaka barua, vyeti, na utafiti mdogo wa kaya ishirini: wanapata chakula gani, wanapika nini na wanatupa nini. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa, majuma mawili mbele.

Kaya ishirini kijijini kwao ilikuwa kazi rahisi kama kumsukuma mlevi. Lakini Zuleica alitaka kuonekana msomi, si binti wa muuza samaki wakavu. Akaazima kwa binamu yake Sufo, kibarua wa barabara, viatu vikubwa na kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari ya kung'aa, akaanza kupita nyumba kwa nyumba na fomu zake. Shangazi na mama wadogo aliwaruka wote. Utafiti wa ndugu, alisema, si utafiti.

Watu walimtambua, tena vizuri sana. Wakajua kwamba binti wa Anuar amepata kazi kwa watu wa gesi, na mtoto wa nyumbani hawezi kuwaangusha. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee Abdurremane.

"Babu, jana mlikula nini?" aliuliza Zuleica.

"Minazi mia na ishirini," akajibu Abdurremane. "Andika."

"Sikuuliza minazi, babu. Nauliza chakula."

"Na chakula tulikilia chini ya minazi hiyohiyo. Andika, mjukuu wangu, sisi ni wako."

Jirani yake alidai kwamba kwa ukubwa wa shamba lake hutupa magunia matatu ya muhogo kila siku. Siku ya sita Zuleica alikuwa na kaya ishirini kamili. Alipojumlisha, akapata kijiji chenye minazi mingi kuliko wilaya nzima na watu wanaotupa chakula kingi kuliko wanachopika. Akaketi mkekani, machozi yakamlenga. Alijua ni uongo mtupu. Alijua pia kwamba Lisboa wasingegundua, na shetani hakukosa la kumwambia: peleka hivyohivyo.

Mama yake mdogo, Bi Mariamo, alimkuta katika hali hiyo. Huyu ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa shughuli zote za kijiji, na mdomo wake haukuwa na kufuli.

"Ulitaka wakwambie nini?" alisema baada ya kumsikiliza. "Umewaendea kama mpima ardhi, wamekupa majibu ya mpima ardhi. Mimi hapa hujaniuliza hata nimekula nini tangu ufike."

"Nilitaka kazi iwe ya kisomi, mama mdogo."

"Kesho kuna ndoa kwa Ussumane. Tunapika pishi arobaini za mchele. Vaa kanga uje uchambue. Ukiona hakuna kisomo, rudi ukalale."

Zuleica alikasirika, sitaficha. Msomi mzima kuitwa kutoa chuya. Lakini alikwenda, maana hakuwa na pengine pa kushika.

Wanawake walimtania, wakamwita engenheira, yaani injinia, wa chuya. Naye, kwa mara ya kwanza, akawaambia wazi kwamba hakuajiriwa na watu wa gesi, hana fidia ya mtu, ana maombi ya shule na siku chache tu. Kicheko kilichozuka kilifika hadi barazani kwa wanaume.

"Ndiyo maana mume wangu alikuhesabia hadi minazi ya jirani," alisema Alima, mke wa Abdurremane. "Yetu ni mitatu, na mmoja hauzai. Futa."

Wali ulipoiva, kabla hata wageni hawajaandaliwa, Bi Mariamo alijaza sahani akazituma: moja kwa mgonjwa, moja kwa aliyejifungua juzi, nyingine kwa mjane wa jirani. Alasiri sahani zikarudi, na hakuna iliyorudi tupu. Moja ilikuwa na ndizi mbili, nyingine ina chumvi tu.

"Sahani hairudi tupu," Alima alimweleza. "Samaki wakizidi kwangu, siwasubiri waoze. Leo nimempelekea mwenzangu, kesho kutwa ataniletea muhogo."

Fomu ya chuo ilikuwa na safu tatu: kilichopatikana, kilichopikwa, kilichotupwa. Zuleica akachora ya nne kwa mkono: kilichopelekwa kwa jirani. Kwa siku nne wanawake wale walimpitisha majikoni mwao, kaya ishirini kamili, wakamfunulia vyungu. Ukoko ulikuwa wa watoto, machicha ya nazi ya kuku, na mara nyingi safu ya tatu ilikosa la kuandikwa. Alituma maombi yake Alhamisi kwa mtandao wa kusuasua wa ofisi ya shule.

Wiki tano baadaye simu ililia. Profesa wa Lisboa, mama wa sauti ya taratibu, alikuwa na swali moja.

"Safu hii ya nne haimo katika fomu yetu. Umeitoa kitabu gani?"

Zuleica angeweza kujikweza, na nani angemkamata? Akasema kweli. "Sikuitoa kitabuni, profesa. Nimeipata jikoni kwa mama yangu mdogo, Mariamo. Mimi nilikuwa nachambua mchele tu."

Profesa akasema, "Basi fomu yetu imekuwa na kasoro miaka yote hii. Nafasi ni yako. Tunakungoja Septemba."

Zuleica alimkimbilia Bi Mariamo, akamkuta anasugua masufuria pamoja na wenzake. Alipowaeleza, mama yule mwenye maneno aliinuka. Akafuta mikono, akavua kanga yake ya begani, akamvika mpwa wake mabegani huku wenzake wakipiga vigelegele. Zuleica akalia kwa furaha mbele ya watu wote bila kuona aibu hata chembe, kwa kuwa sasa alijua kwa hakika kwamba mcheza kwao hutunzwa.