Yangeyange na Ndama wa Siku Moja

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na ng'ombe?
Na mkia wake!
Mkia wa nini?
Wa kufukuza inzi!
Basi fukuzeni inzi, sogeeni hapa, na wewe uliyekaa mlangoni ingia, usinizibie hewa. Hadithi inapita.

Hapo zamani, kwenye mbuga ya nyasi ndefu, waliishi ng'ombe wanene, wale wa nyama, mgongo mpana hata ukitaka unaanika mpunga juu yake. Fahali wao alikuwa mmoja tu, Mzee Nundu. Mguu mmoja unamsumbua. Kazi yake kula na kulala, na akiitwa, anakwenda. Msicheke, nyie! Anakwenda polepole, lakini anakwenda.

Kati ya ng'ombe hao alikuwapo Mabaka. Mabaka moyo wake mzuri, ila macho hayakauki. Kwa sababu ya nani? Kwa sababu ya Fisi.

Fisi alikuwa na nguvu, na Fisi alikuwa na tumbo. Nyumba yake kichakani, karibu na maji. Na ng'ombe mnawajua, joto la kutaka dume haliwashiki pamoja. Leo linamshika huyu, mwezi ujao linamshika yule, mwingine mpaka mvua zinyeshe ndiyo anakumbuka. Joto likija kwa mmoja mmoja, mimba inaingia moja moja. Mimba ikiingia moja moja, ndama anazaliwa peke yake. Hapo ndipo Fisi alipopapenda.

Ndama akidondoka, pu! Fisi huyo, chapa, chapa, chapa. Anamkamata mguu. Ndama analia, "Mbeee!" Mama anarusha pembe, lakini ni mama mmoja, tena mzazi, magoti yanamtetemeka. Atamfanya nini Fisi?

Na wenzake wapo palepale! Wanakula majani. Mapembe, aliyekuwa na pembe ndefu kuliko wote, ananyanyua kichwa, anasikiliza, anasema, "Si wangu huyo." Anainama tena. Kwacha, kwacha, kwacha.

Mabaka akazaa ndama mwekundu. Chapa, chapa, chapa. "Mbeee!" Mapembe akasema, "Si wangu huyo." Kwacha, kwacha.

Mabaka akazaa ndama mweusi, ana doa jeupe hapa kwenye paji. Chapa, chapa, chapa. "Mbeee!" Mapembe akasema, "Si wangu huyo." Kwacha, kwacha.

Mabaka akaacha kula. Akawa anasimama tu, maziwa yanamchuruzika, hayana mnywaji.

Sasa pale mgongoni kwake alikuwa akipanda Yangeyange, yule ndege mweupe anayefuata ng'ombe akidaka panzi. Miguu kama njiti za kibiriti. Yangeyange akamwambia, "Shoga, usilie. Nitakwenda kuongea na Fisi."

"Utamwambia nini? Wewe hata akikumeza hajui kama amekula."

"Nitamwamkia tu."

Akaenda. Mabaka akamfuata kwa nyuma, akajifanya anakunywa maji, kumbe masikio yote kichakani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, njiti. Una nyama wewe?"

"Sina, mjomba, mimi manyoya matupu. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya njaa. Ndama mmoja leo, mwingine mpaka usahau ladha. Katikati hapo si unatafuna mifupa?"

Fisi akatazama pembeni. "Mifupa ina utamu wake."

"Na kile kiatu unachokitafuna?"

"Nani kakuambia habari ya kiatu?"

"Mjomba, mbuga nzima inajua." Ha! Umbea ulikuwapo hata zamani, msinisingizie mimi. "Ningekuwa mkubwa kama wewe, ningetaka ndama wazaliwe wote siku moja. Huku ndama, kule ndama. Unachagua mwenyewe, huyu wa chai, huyu wa mchana, yule wa kulalia."

Mate ya Fisi yakaanza, tii, tii, tii, mpaka kwenye kucha. "Inawezekana hiyo?"

"Niachie mimi. Ila usimsogelee ng'ombe hata mmoja mpaka siku yenyewe. Ukiwatisha, mimba zinatoka, karamu imekwenda."

"Siwasogelei! Sigusi! Hata sitazami!"

Maji yakampalia Mabaka. Yangeyange aliporudi alikuta ukwato unamsubiri, nusura umvunje.

"Umetuuza! Shoga gani wewe? Ndama wetu wote unampa karamu?"

"Pokea hili jani kwanza, utanitukana baadaye."

Lilikuwa jani chungu la mlimani, uchungu wa kukunja pua. Kutoka kwa Fisi, Yangeyange alikuwa ameruka kwenda na kurudi kutwa nzima kwa mabawa yake mwenyewe, akamletea kila ng'ombe la kwake. Akawaambia, "Liwekeni shavuni, msimeze. Jani likiwa shavuni, joto linalala. Siku nikisema temeni, temeni wote, na joto litaamka kwa wote."

Ng'ombe wakaweka jani shavuni. Wanacheua upande mmoja, uso umevimba kama mwenye jino bovu.

Lakini Mabaka hakuwa na amani. Akaenda nyuma ya kichuguu, akalisogeza jani kwa ulimi mpaka kwenye midomo. Akawaza, nikilitema sasa hivi, nitazaa kabla ya siku ya karamu. Nitamficha mwanangu bondeni. Pengine Fisi asijue.

Yangeyange akatua juu ya kichuguu. Hakumgombeza. Akasema, "Ukitema leo, utazaa peke yako. Peke yako ulishazaa, shoga. Ulimficha?"

Mabaka akafunga mdomo. Jani likarudi shavuni, chungu vilevile.

Siku ikafika. Yangeyange akapanda juu ya mti, akalia, "Temeni!" Ptu! Ptu! Ptu! Mbuga nzima ikawa ptu!

Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, Mabaka akasikia kitu kinamtambaa mgongoni, raha hana, utulivu hana. Akageuka kumwambia Mapembe, akamkuta Mapembe naye anakwenda anarudi, mkia juu. Jamani! Ng'ombe wote! Huyu analia mmbuu, yule anajibu mmbuu, huyu anampanda mwenzake, na mwenzake kasimama tuli, hakimbii. Ng'ombe akisimama tuli akipandwa, ujue ndio wakati. Mbuga ikawa kama nyumba ya harusi, bwana harusi mmoja.

Mzee Nundu akatoka usingizini, akawaona, akakaa chini. "Yangeyange, mwanangu, hawa wote wananitaka leo?"

"Wote, baba."

"Mimi na mguu huu? Nichimbieni kaburi!"

"Tulia, baba. Hutatoka hapo ulipo."

Yangeyange akaichukua mbegu ya Nundu mara moja tu. Namna gani? Mnaniuliza mimi? Mwulizeni Yangeyange! Akaigawa kwenye mirija ya nyasi, mrija kwa kila ng'ombe, akaifunga kwenye majani mabichi ya chemchemi isije ikapata joto ikafa. Asubuhi akapita nyuma ya kila mmoja, taratibu, na ile shingo yake ndefu. "Pole, dada. Simama vizuri. Tayari." Anakwenda kwa mwingine. "Pole, dada. Tayari." Mzee Nundu amelala, anakoroma, na watoto wanaingia.

Miezi ikaenda. Matumbo yakajaa, yakashuka yote pamoja. Fisi anachungulia kwa mbali, anajilamba. Akiletewa mzoga, anasema, "Sitaki, natunza nafasi." Akiokota mfupa, anasema, "Sitaki, natunza nafasi." Hata kiatu akakitupa. Mbavu zikamtoka, unaweza kuzihesabu, lakini roho yake imeshiba tayari.

Halafu asubuhi moja, pu! Pu! Pu! Ndama huku, ndama kule, wengine bado wamelowa, hawajui mbele wala nyuma. Mabaka akapata jike, lina doa jeupe hapa kwenye paji. Akalilamba. Hakuwa amemaliza sikio la pili.

Chapa, chapa, chapa.

Fisi huyo. Akasimama katikati ya ndama wote, hajui aanzie wapi. Huyu? Hapana, yule mnene! Hapana, huyu! Macho yakamtembea, yakatua kwa Mabaka. Akamjua. Akamkamata ndama wake mguu.

"Mbeee!"

Mabaka akarusha pembe, magoti yakamwangusha. Akafumba macho. Akasubiri lile neno.

Mapembe akanyanyua kichwa. Akasikiliza. Sasa mzazi wa asubuhi hajaizoea sauti ya mwanawe, na wa kwake Mapembe alikuwa amejilaza kwenye nyasi, haonekani.

"WANGU HUYO!" Mapembe huyo, pembe chini, ardhi inatikisika.

"Wangu huyo!" akadakia mwingine. "Wangu!" "Wangu huyo!" Kila mwenye maziwa mbio, ndu ndu ndu ndu, kundi zima limemwangukia mgeni mmoja.

"Mmoja mmoja!" Fisi akalia. "Dada zangu, njooni mmoja mmoja!"

"Si ulitaka wote siku moja, mjomba?" akauliza Yangeyange kutoka juu ya mgongo wa Mapembe.

Teke la huku, pembe ya kule! Na mtu mwenye njaa atakimbia vipi? Alipochomoka, kiuno kilikuwa kimeshuka, na hadi leo hakijapanda, mtazameni akitembea.

Mabaka akafumbua macho. Ndama alikuwa chini yake, anatafuta chuchu, anakosea, anagonga goti. Mapembe alikuwa bado anahema. Akamnusa ndama, akasema, "Kumbe si wangu huyu." Lakini hakuondoka. Akasimama palepale mpaka ndama akapata chuchu.

Tangu hapo, ng'ombe akipiga hatua, anamfurushia Yangeyange panzi wa kula. Hayo ndiyo malipo yake, na hajalalamika.

Basi, wanangu, funzo ni hili. Ukitaka kula ndama wa watu, kula mmoja mmoja kwa adabu. Pili, kiatu chako usikitupe. Na tatu, shikeni sana hili, mtoto akilia msikimbie! Ulizeni kwanza ni wa nani.

Hadithi yangu imeingia zizini, nimefunga mlango. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chungu, mpelekeeni Fisi, ana nafasi.