Chozi wa Mrihini na Binamu Yake wa Bustanini

Paukwa!

"Pakawa!"

Nyevu, sogea nyuma, moto utakuunguza. Haya, tegeni masikio.

Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa na hakimu wao, waliishi binamu wawili, vindege wa jamii ya chozi: Chozi wa Mrihini na Chozi wa Bustanini. Migongo yao yote kijani, inang'aa. Lakini matumbo! La Bustanini njano, la Mrihini jeupe. Bustanini aliishi popote penye ua la kunyonya, hata juu ya choo cha jirani.

"Choo, Bibi?"

Choo, ndiyo! Ila Mrihini aliishi kwenye miti ya mrihi tu.

Siku moja Shoka akaingia msituni. Ko! Ko! Ko! Mrihi chini.

"Nani kakuruhusu?" Mrihini akauliza.

"Hakimu Hondohondo. Kasema machozi mko tele."

Mrihini akaduwaa. Tele? Mbona hajamwona mwenzake wa tumbo jeupe tangu masika?

Akaruka hadi kwa Hondohondo, kileleni kabisa. "Hakimu, tuko tele wapi?"

"Huko chini! Kila nikitazama, migongo ya kijani."

Mrihini akazidi kuchanganyikiwa. Ko! Ko! Ko!

Akakimbilia kwa binamu yake. "Hamia kwangu," akasema Bustanini. Akahamia. Kula alikula, lakini kujenga kiota hakuweza; kuvu la mrihi, lile analojengea, alitoe wapi? Akarudi msituni. Umebaki mti mmoja!

"Bibi, mbona hapigi kelele?"

Apige vipi, mwanangu? Alishaanza kujiuliza kama yeye mwenyewe yupo.

Mrihini alipomsimulia Bustanini maneno ya hakimu, Bustanini akawaka. "Twende wote!" Akakusanya ndugu zake, wakamwendea hakimu. "Mzee, shuka. Leo tutazame kutoka chini."

Hondohondo alikuwa hajawahi kushuka kwa ajili ya mtu. Akanung'unika, akashuka, akainua mdomo wake mkubwa kuwatazama juu matawini. Tumbo njano. Njano. Njano. Njano tena. Jeupe... moja.

"Shoka, acha!" akapaza sauti. Shoka akaacha, mti wa mwisho ukapona.

Hondohondo akamgeukia Mrihini. "Na wenzako wa matumbo meupe wako wapi?"

"Hakimu," akajibu Mrihini, "ndilo swali nililokuletea siku ile."

Basi wanangu, msiseme kina fulani wako tele kama hamjashuka mkawatazama vizuri. Hadithi yangu imekomea hapo. Nyevu, futa machozi, tukalale.